Siku Mzee Futi Alipokata Bila Kupima

Katika karakana ya Mzee Futi ilikuwako sheria moja, na kila mtu aliijua. Fundi akikata kitambaa kabla ya kupima, huyo hufagia karakana juma zima, kona kwa kona, na kuokota pini zote zilizoanguka kwa sumaku. Rufaa haikuwako. Sheria hiyo haikubandikwa ukutani. Ilitosha kwamba Mzee Futi aliitamka.

Yeye mwenyewe alikuwa mshonaji wa siku nyingi. Utepe wa kupimia, ambao mafundi huuita futi, ulining'inia shingoni mwake tangu asubuhi hadi jioni. Watu walisema kwamba hata kuoga huoga nao. Ndipo wakamwita Mzee Futi. Jina lake la kuzaliwa lilikumbukwa na mama yake mzazi tu.

Fundi aliyemsaidia aliitwa Redio. Alikuwa mtu mzima mwenye mvi, mwepesi wa mikono, na kinywa chake hakikuzimwa. Yeye ndiye aliyeujua ufagio kuliko wote.

"Redio, mkono huu wa shati umeupima?" Mzee Futi huuliza.

"Nimeupima kwa macho, Mzee."

"Kwa macho. Basi ufagio uko nyuma ya mlango."

Mke wa Mzee Futi alitia vifungo na kupiga pasi. Walikuwa na binti wa miaka kumi na mmoja. Kwa wembamba wake, na kwa ulimi wake uliochoma, walimwita Sindano. Kila alasiri, akitoka shuleni, alikaa kwenye kigoda karibu na mlango na kutunga uzi katika sindano za mkono. Macho ya baba yake yalikuwa yameanza kuchoka, naye hakupenda jambo hilo litajwe. Sindano alilitaja kila siku.

Jioni moja Sindano hakula. Alisema tumbo linamuuma karibu na kitovu. Akatapika. Asubuhi maumivu yalikuwa yamehama. Sasa yalikuwa chini ya tumbo, upande wa kulia, nayo yalikuwa makali zaidi. Alitembea ameinama, mkono mmoja tumboni, kama mtu aliyeficha kitu ndani ya nguo.

Bibi yake, mama mzazi wa Mzee Futi, alikaa nao nyumba moja.

"Ni tumbo chafu tu," Bibi akasema. "Mpeni dawa ya kuharisha. Likiwa tupu litatulia."

"Mama, tusimpe," akajibu mama yake Sindano. "Pale kituo cha afya walitukataza. Mtoto akiumwa sana tumbo, asipewe dawa ya kuharisha."

"Na huyo mumeo nilimlea kwa dawa gani?"

"Ulimlea vizuri, Mama. Lakini mjukuu wako leo hawezi hata kusimama wima."

Bibi akamtazama mtoto. Akaguna, akairudisha chupa kabatini. Mzee Futi hakuyasikia hayo. Alikuwa amekwenda kazini mapema, kwa kuwa siku ile sare za shule zilikuwa zikisubiriwa.

Mama alimpeleka Sindano kituo cha afya. Tabibu wa pale alimlaza kitandani. Alilibonyeza tumbo polepole, kisha akauondoa mkono wake. Mkono ulipoondoka, Sindano aliuma midomo.

"Umeumia nilipobonyeza, au nilipoachia?" tabibu akauliza.

"Ulipoachia."

Tabibu akamgeukia mama. "Nina shaka na kidole tumbo. Ni kijifuko chembamba kilichoshikamana na utumbo mpana, upande huu wa kulia. Huweza kuvimba na kuoza. Mpeleke hospitali leo hii, usingoje kesho. Akapigwe altrasaundi. Tena asile wala asinywe kitu njiani, kwa maana huenda akahitaji upasuaji."

Njia ya hospitali ilipita karibu na karakana. Mama aliona vema ampitie mumewe, waende pamoja.

Katika karakana walikuwamo wateja wawili. Mmoja alikuwa mwalimu mwenye mimba kubwa, aliyeleta gauni lipanuliwe. Wa pili alikuwa muuza mkaa aliyengoja suruali yake. Redio alikuwa ametoka kupeleka sare.

"Jana nimetoka altrasaundi," mwalimu alikuwa akisema. "Nimemwona mtoto kwenye kioo. Ananipungia mkono."

"Kama anapunga mkono," Mzee Futi akasema, akimzungushia futi, "basi gauni hili tumwachie nafasi ya kiwiko."

Wote wakacheka. Katikati ya kicheko hicho mama akaingia, Sindano amemwegemea begani.

"Baba Sindano, acha kazi. Tabibu ametutuma hospitali sasa hivi. Mtoto akapigwe altrasaundi."

Kicheko kikakatika. Muuza mkaa akakohoa, akaanza kuzitazama nguo zilizotundikwa ukutani kana kwamba zote ni zake. Mzee Futi akairudisha futi shingoni, akaushika mkasi wake wala asikate.

"Akapigwe nini?"

"Altrasaundi."

"Binti yangu ana miaka kumi na mmoja," akasema kwa sauti ndogo.

"Najua. Nilimzaa mimi."

"Basi kwa nini anapelekwa kwenye mashine ya wajawazito?"

"Tumbo linamuuma. Tabibu anashuku kidole tumbo."

"Amesema hivyo kwa kukuonea haya." Kisha akamgeukia mtoto. "Sindano, nitazame. Kuna jambo gani umetuficha?"

Sindano akainua uso. Ingawa alikuwa mtoto, alielewa alichoulizwa, na alielewa pia kwamba wengine wamesikia.

"Sijaficha kitu, Baba. Naumwa."

"Nendeni nyumbani. Nitakuja jioni tuzungumze. Mwanangu hataonekana kwenye mlango wa mashine ile watu wapate la kusema."

Mwalimu alifumbua kinywa, akakifumba. Hata yeye, pamoja na kusoma kwake, aliijua mashine ile kwa kazi moja tu. Muuza mkaa akaendelea kuzitazama nguo.

Mama hakwenda nyumbani. Alimketisha Sindano juu ya robota la vitambaa, akasimama mbele yake.

"Hawezi kutembea tena," akasema. "Kama humpeleki wewe, nangoja gari lolote lipitalo. Nitampeleka mimi, na hayo maneno ya watu nitayabeba mimi."

Mzee Futi akamgeuzia mgongo. Alirudi mezani. Mkasi ulisikika ukikata, kisha ukasimama, kisha ukakata. Mtoto alikuwa akihema kwa pumzi fupi.

Wakati huo Redio akarudi, kikapu kitupu mkononi.

"Mbona kimya hivi?" akauliza. "Nimekosea mlango, au kuna aliyelipa deni?"

Mama akamweleza kwa maneno machache. Redio akaweka kikapu chini.

"Altrasaundi? Hata mimi nimepigwa."

"Wewe?" Mzee Futi akauliza.

"Mimi, na mvi zangu hizi. Mwaka juzi, nilipoumwa mawe ya figo. Nililala kitanda hicho hicho, nikapakwa jeli tumboni. Nilikutwa na mawe, Mzee. Sikukutwa na mapacha."

Muuza mkaa alicheka, kisha akaona si mahali pake, akanyamaza.

"Mbona hukuniambia?"

"Nilikuambia naumwa figo. Ukaniambia nipunguze maneno."

Redio akasogea karibu na meza. Safari hii aliipunguza sauti yake, jambo ambalo halikuwahi kuonekana.

"Mzee, niwie radhi. Umesema mtoto ana jambo amelificha. Umempima, au umekata kwa macho?"

Mzee Futi akautazama mkasi uliokuwa mkononi mwake. Akamtazama binti yake. Midomo ya Sindano ilikuwa imekauka. Magoti alikuwa ameyakunja hadi kifuani.

Akauweka mkasi mezani. Akaivua futi shingoni, akaiweka juu ya mkasi. Mwalimu alisema baadaye kwamba alipoiona shingo ile tupu alitaka kulia.

"Redio, tafuta gari," Mzee Futi akasema.

Hospitalini walipokewa na daktari wa kike, mwenye haraka ya miguu lakini si ya maneno. Alilipima tumbo la Sindano kwa mikono, akamtoa damu kidogo, akamchoma sindano ya kupunguza maumivu.

"Daktari," Mzee Futi akasema, "sina elimu ya mambo haya. Naomba kufahamishwa. Kwa nini mtoto apigwe altrasaundi?"

"Umeuliza vema, mzee. Mikono yangu inanionyesha mahali panapouma, wala hainionyeshi kilichomo ndani. Upande huu wa kulia pana kidole tumbo. Pana utumbo. Kwa mtoto wa kike pana pia kifuko kidogo cha mayai. Amezaliwa nacho, hata kama bado ni mtoto. Kifuko hicho huweza kujipinda na kuleta maumivu kama haya haya. Kila ugonjwa una tiba yake. Nikimpasua kwa kubahatisha, naweza kumpasua bure. Nikingoja kwa kubahatisha, naweza kumpoteza. Kwa hiyo tunatazama kwanza."

Mzee Futi akaitikia kwa kichwa. Hakuwa na swali jingine kwa daktari. Swali lililobaki lilikuwa kwake mwenyewe.

Chumba cha altrasaundi kilikuwa na mwanga hafifu. Mashine ilikuwa juu ya magurudumu, na kioo chake kama cha televisheni ndogo. Mtaalamu wa kuiendesha alikuwa mwanamume mwenye miwani. Aliwakaribisha wazazi wote wawili waingie.

"Itaniuma?" Sindano akauliza.

"Haichomi, haikati," akajibu mtaalamu. "Nimeambiwa jina lako ni Sindano, basi anayechoma humu ni wewe. Nitapaka jeli hii, nayo ni ya baridi. Kisha nitapitisha kifaa hiki juu ya ngozi. Nitakandamiza kidogo. Panapouma sana, uniambie."

"Na inaonaje ndani bila kukata?" akauliza mama.

"Umewahi kununua tikiti maji, mama? Mtu hulipiga kwa kidole, akasikiliza. Sauti humwambia kama limeiva au bado. Kifaa hiki nacho hutoa sauti, ila ni nyembamba mno, masikio yetu hayaisikii. Sauti inaingia tumboni, inagonga viungo, inarudi. Mashine inaigeuza kuwa picha. Hakuna mionzi kama ile ya eksirei. Ndiyo maana twaitumia hata kwa watoto wachanga bila hofu."

"Kwa hiyo si ya wajawazito," Mzee Futi akasema.

"Ni ya wajawazito pia. Ni ya kila mwenye tumbo, mzee. Asubuhi nimempima mlinzi wa getini ini lake. Kisha akaja mtoto mchanga aliyekuwa akilia na kukunja miguu, akinyamaza kidogo, akilia tena. Choo chake kilikuwa na damu. Kipande cha utumbo kilikuwa kimeingia ndani ya utumbo wenyewe. Sijui nikueleze vipi."

"Kama mkono wa koti uliojikunja kwa ndani."

Mtaalamu akamtazama. "Kuanzia leo nitaeleza hivyo hivyo. Basi picha ikatuonyesha, na madaktari wakaurudisha utumbo kwa kuupulizia hewa, bila kisu. Angechelewa, wangepasua."

Alikisogeza kifaa polepole, akikandamiza kidogo kidogo. Kwenye kioo yalionekana mawingu meupe na meusi.

"Mimi naona moshi tu," akasema mama.

"Mazoea, mama. Huu ni utumbo, unajikunja na kujikunjua, ni mzima. Kifuko cha mayai hiki, kizima, hakijajipinda. Sasa hapa." Akasimama. "Sindano, hapa?"

"Hapo hapo," Sindano akasema, akishika ukingo wa kitanda.

"Tazameni. Kitu kama kidole, kimefungwa upande mmoja. Kidole tumbo kizima hubonyea nikikandamiza. Hiki hakibonyei."

Akaweka alama ndogo upande mmoja wa kile kidole, na alama ya pili upande wa pili. Baina ya alama hizo ukatokea mstari.

"Hapo wafanya nini?" Mzee Futi akauliza.

"Napima upana."

"Unapima?"

"Lazima, mzee. Siwezi kusema kwa macho kwamba kimevimba. Daktari atanirudisha." Akasoma namba. "Milimita kumi. Kwa kawaida hakizidi sita. Kimevimba sana. Lakini pembeni sioni usaha, maana yake hakijapasuka."

Mzee Futi akapeleka mkono shingoni kuitafuta futi, akakumbuka kwamba ameiacha mezani.

"Na usingekiona?" akauliza mama.

"Ni swali zuri. Siku nyingine hewa ya utumbo hukificha. Nisipokiona, siwaambii wazazi kwamba mtoto ni mzima. Hubaki wodini, daktari humtazama tena na tena, na kipimo hurudiwa. Picha husema pamoja na mikono ya daktari na damu ya mgonjwa. Haisemi peke yake."

Sindano akapelekwa kupasuliwa. Wazazi wakakaa kwenye benchi la ukumbini.

"Ulimwuliza mbele ya watu," mama akasema hatimaye.

"Ndiyo."

"Aibu hiyo haiwezi kufutwa nyumbani, mlango umefungwa."

"Najua. Nitaifuta mbele ya watu."

Bibi naye akafika, amefunga kilemba chake upande kwa haraka. Aliposikia ni kidole tumbo, akauliza jambo moja tu. "Ile dawa ya kuharisha, ningempa ingekuwaje?"

Daktari ndiye aliyemjibu, kwa kuwa alikuwa akitoka chumba cha upasuaji wakati ule.

"Utumbo ungekazana kusukuma, Bibi, na kidole kilichovimba kingeweza kupasuka. Mtoto akiumwa sana tumbo, msimpe dawa ya kuharisha, msimkande tumbo kwa nguvu, wala msimpe vidonge vilivyobaki vya mtu mwingine. Maumivu yakihamia upande mmoja, au tumbo likiwa gumu, au akitapika nyongo, au choo kikiwa na damu, mleteni. Msingoje yapoe."

"Haya, nimesikia," akasema Bibi. "Na mkwe wangu alisema hivyo hivyo asubuhi. Msimwambie kwamba nimekiri."

"Niko hapa, Mama," akasema mkwe wake.

"Basi umesikia mwenyewe."

Daktari akamgeukia Mzee Futi. "Mtoto yuko salama. Kidole tumekitoa kabla hakijapasuka, ila kwa shida. Mngengoja hata jioni, huenda tungekikuta kimepasuka, na usaha umeenea tumboni. Hapo kazi ingekuwa nyingine kabisa."

Neno hilo, jioni, Mzee Futi alilikumbuka. Lilikuwa limetoka kinywani mwake mwenyewe. Akashukuru, akakaa tena kwenye benchi kama mtu aliyeshikwa bega na kukalishwa.

Siku iliyofuata alikaa karibu na kitanda cha binti yake. Sindano alikuwa amechoka, lakini macho yake yalikuwa yamerudia ukali wake.

"Baba, jana ulidhani nini?"

"Nilidhani vibaya."

"Kwa sababu ya altrasaundi?"

"Kwa sababu ya neno nisilolijua. Nililisikia mahali pamoja, nikadhani lina maana moja. Nisamehe, mwanangu. Ulisema kweli, nami nikakufanya mwongo mbele ya wageni."

Sindano akafikiri. Hakutaka kumsamehe haraka, na ilikuwa haki yake. Akalikunjua shuka, akalikunja tena.

"Ufagio uko nyuma ya mlango, Baba," akasema.

Basi juma lile ambalo Sindano alirudi nyumbani, wapitao njia waliona jambo geni. Mzee Futi alikuwa akifagia karakana. Alifagia kona kwa kona, akaviondoa vipande na nyuzi, akaipitisha sumaku sakafuni kuokota pini. Redio alikaa kwenye cherehani, akiinua miguu kila ufagio ulipofika kwake.

"Hapa umeparuka kidogo, Mzee," Redio akasema.

"Shona."

"Nashona. Nasema tu, mimi nilikuwa naanza na huko ndani."

Siku ya mwisho ya adhabu mwalimu alikuja kuchukua gauni lake, na muuza mkaa akaja kuchukua suruali. Sindano alikuwa kwenye kigoda chake karibu na mlango, akitunga uzi. Mzee Futi akausimamisha ufagio.

"Ninyi wawili mlikuwapo," akasema. "Mlinisikia nikimwuliza binti yangu ameficha nini. Hakuficha kitu. Alikuwa na kidole tumbo kilichovimba, nayo altrasaundi ndiyo iliyokionyesha. Mimi ndiye niliyekosa, kwa kunena jambo nisilolipima. Mkisikia mtu akilisema vingine, mwambieni aje aniulize mimi."

Mwalimu akamwendea Sindano, akamshika mkono. "Hata mimi nilinyamaza nilipopaswa kusema," akamwambia. "Darasani nitawaeleza wenzako kipimo hicho ni cha nini, ili ukirudi usipate mtu wa kukucheka."

"Mimi mjukuu wangu hulia na kukunja miguu," muuza mkaa akasema polepole. "Huacha, kisha huanza tena. Kwetu wanasema ni gesi."

"Choo chake mmekitazama?" akauliza mama kutoka kwenye meza ya pasi.

"Sijui. Mkwe wangu ndiye ajuaye."

"Basi acha suruali hapa. Nenda ukaulize, kisha mpelekeni hospitali leo hii. Usingoje jioni."

Muuza mkaa akaondoka bila suruali yake.

Mzee Futi akamaliza kufagia. Akaurudisha ufagio nyuma ya mlango, akajipangusa mikono, akaichukua mezani futi ambayo hakuivaa shingoni tangu siku ile.

"Bado," akasema Sindano.

"Bado nini?"

"Chini ya cherehani ya Redio. Naona pini moja."

Baba yake hakuweza kuiona, kwa ajili ya macho yake. Redio akainua miguu. Mzee Futi akapiga magoti, akanyoosha mkono na kupapasa sakafu, mpaka akaipata. Akaja nayo hadi kwenye kigoda, akaiweka kwenye kiganja cha binti yake.

Sindano akaitazama pande zote mbili, akaichomeka kwenye kifuko cha pini.

"Sasa umemaliza, Baba," akasema. "Inama nikuvishe futi yako."